Diski yaonyesha 100% na gemu inaganda: nipige format au ninunue kadi mpya?

Swali: Salaam aleikum fundi. Niko Kisauni, Mombasa. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex ya ex-UK, prosesa i5-4590, RAM GB 8, nikaongeza kadi ya GTX 1650. Windows 10 iko kwenye diski ngumu ya GB 500 iliyokuja na mashine, na gemu nimeziweka kwenye diski ya TB 2 niliyonunua mwaka jana. Miezi miwili hii kompyuta yachukua dakika sita kuwaka. Task Manager yaonyesha diski 100% hata nisipofungua kitu. Nikicheza GTA V barabara hazitokei, gari laelea hewani, halafu picha inaganda sekunde tano hadi kumi, kisha inaendelea kama kawaida. Wakati mwingine nasikia "tik, tik" ndani ya kasha. Imezidi tangu stima ipotee mara tatu jioni moja. Fundi mmoja asema nipige format, mwingine asema kadi ya picha ni ndogo. Nifuate yupi?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa sasa usimfuate hata mmoja. Kadi ya picha ikiwa ndogo, gemu huwa nzito muda wote: fremu zinashuka na kubaki chini. Haigandi sekunde kumi kisha ikaendelea mbio kama hapakutokea kitu. Na GTX 1650 inaimudu GTA V kwenye skrini ya 1080p bila taabu. Barabara zisizotokea na gari linaloelea ni dalili ya gemu inayongoja data kutoka kwenye diski. Ama hiyo format, kwa sauti unazozisikia, ndiyo hatari zaidi, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kazi ya kwanza ni kuokoa vilivyo vyako, kabla ya kupima chochote. Diski inayogonga yaweza kudumu mwaka, na yaweza isifike kesho. Kila kipimo kizito unachoiendeshea kinaipunguzia siku. Tafuta diski ya nje au flashi kubwa, uanze na vitu vidogo vyenye thamani: picha, kazi za shule, nyaraka. Kisha hifadhi za gemu. Hizi mara nyingi hazikai pamoja na gemu yenyewe. Hata gemu ikiwa D:, hifadhi zake huwa C:, ndani ya Documents (GTA V huziweka Documents\Rockstar Games), ndani ya Saved Games, au ndani ya folda iliyofichwa ambayo utaifikia ukiandika %localappdata% kwenye kisanduku cha anwani.

Usinakili kwa kuburuta na kipanya. Ikifika kwenye faili lililo juu ya sehemu mbovu, Windows itasimama hapo hapo na kukuuliza maswali. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike, ukiweka jina lako na herufi ya diski yako ya nje:

robocopy C:\Users\jina E:\akiba /E /XJ /R:0 /W:0 /LOG:E:\ripoti.txt

Sifuri hizo mbili ndizo roho ya amri yote. Bila kuziandika, robocopy hulirudia faili lililokataa mara 1,000,000, na kila mara husubiri sekunde 30, yaani haitaisha maishani mwako. Kwa sifuri, faili lililokataa linarukwa na jina lake linaandikwa kwenye ripoti. /XJ nayo inaizuia isizunguke ndani ya njia za mkato ambazo Windows imezificha kwenye folda ya mtumiaji.

Ikiwa diski imefika mahali folda hazifunguki kabisa, acha Windows. Washa kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi, utumie programu ya ddrescue kunakili diski nzima hadi diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Mzunguko wa kwanza ni ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.log (sdX ni diski mgonjwa, sdY ni ile inayopokea), unaochukua vilivyo rahisi na kuziacha sehemu ngumu. Wa pili ni ule ule, ila badala ya -n unaweka -d -r3, nao unarudi kuzihangaikia zilizobaki. Faili la ramani liwe kwenye flashi nyingine, na hakiki herufi za diski mara mbili kwa amri ya lsblk. Ukizigeuza, utaandika takataka juu ya mali yako mwenyewe.

Umeshaokoa? Sasa tupime. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, uone ni diski ipi iliyo 100%: Disk 0 au Disk 1. Ile asilimia ya ukurasa wa kwanza haikwambii, na wewe una diski mbili zenye kazi tofauti. Kisha ielewe namba yenyewe. Asilimia hiyo ni sehemu ya muda ambao diski ilikuwa na ombi lisilojibiwa, wala haipimi wingi wa data. Kwa hiyo 100% peke yake haina habari kamili. Isome pamoja na kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa kujibu, vilivyo chini ya mchoro.

Ukiona 100%, kasi MB 120 kwa sekunde, na muda wa kujibu chini ya milisekunde 50, diski ni nzima na inafanya kazi kubwa ya mfululizo, mathalan kunakili gemu. Iache imalize. Ukiona 100%, kasi MB 1 au 2, muda milisekunde 20 hadi 100, diski ni nzima lakini inaombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo diski ngumu huchoka. Ukiona 100%, kasi KB 0, na muda wa kujibu milisekunde 2,000, 5,000, hata zaidi, hiyo imekwama: inarudia kusoma mahali pamoja, au kebo yake inapoteza data, au stima yake haitoshi. Kwa maelezo yako, hii ya tatu ndiyo ninayoitarajia kwenye ile ya GB 500, pengine ikichanganyika na ya pili.

Ili uione kwa jicho, bonyeza Windows na R, andika resmon, nenda ukurasa wa Disk, ufungue Disk Activity, ubofye safu ya Response Time ili kubwa zije juu. Acha dirisha hilo wazi, cheza mpaka gemu igande, kisha Alt na Tab haraka. Jina la faili lililo juu wakati huo lina habari nyingi. Likiwa pagefile.sys, yaani faili ambalo Windows humwagia kinachozidi RAM, RAM imejaa. Likiwa faili la gemu lenye milisekunde 8,000 peke yake, na mengine yapo chini ya 50, faili hilo limekalia sekta mbovu. Yakiwa mafaili yote kwa pamoja, ya kila aina, shuku kebo na stima.

Sasa sakinisha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure. Kabla ya kusoma lolote, zigeuze namba zake zije kwa hesabu ya kawaida: Function, Advanced Feature, Raw Values, kisha 10 [DEC]. Usipofanya hivyo utaona 18 mwishoni mwa mstari ukadhani ni kumi na nane, kumbe ni ishirini na nne.

Angalia mistari minne. 05 ni sekta zilizokufa, ambazo diski imeshazibadilisha kwa zile za akiba. C5 ni sekta zinazongoja hukumu: diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua kama zimekufa. C6 ni zile zilizoshindikana hata diski ilipojikagua yenyewe. C7 ni data iliyoharibika njiani, kati ya diski na madhabodi. Kwenye diski nyingi za sasa C5 huenda kwa hatua za nane, yaani 8, 16, 24, kwa kuwa sekta moja ya ndani ina KB 4 huku hesabu yenyewe ikienda kwa vipande vya baiti 512.

C5 ndiyo inayogandisha gemu. Kila gemu inapoigusa sekta hiyo, diski inarudia kuisoma tena na tena kwa sekunde kadhaa, na maombi mengine yote yanapanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana mchoro waonyesha 100% na KB 0. Ikiwa C5 yako si sifuri, diski hiyo haifai tena kubeba Windows. 05 ikiwa ndogo na haisogei kwa wiki kadhaa, diski yaweza kutumika kwa gemu unazoweza kuzipakua upya, si kwa picha za harusi. 05 inayoongezeka kila wiki, achana nayo.

C7 ni habari tofauti kabisa, tena ni njema, maana mara nyingi huponywa na kebo mpya tu. Namba hiyo haishuki kamwe, kwa hiyo usitishwe na iliyopo leo. Iandike kwenye karatasi, badilisha kebo, uitazame tena baada ya siku tatu. Ikisimama, umemaliza.

Na kama diski yako ni Seagate, usishtuke ukiona mstari wa 01 au 07 una namba ya mamilioni. Kampuni hiyo huchanganya hesabu mbili ndani ya namba moja, na diski mpya huonyesha hivyo hivyo. Diski nzuri zimetupwa kwa sababu ya mistari hiyo.

Kuna diski zinazosoma "Good" kwa rangi ya buluu na bado ni wagonjwa, kwa hiyo pata shahidi wa pili. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, uchuje namba 7, 129 na 153. Namba 7 ni sekta mbovu. 153 ni ombi lililorudiwa. 129 ni Windows kuchoka kungoja na kuiwasha upya njia ya diski. Ukiona 7 pamoja na C5, ugonjwa uko kwenye sahani za diski. Ukiona 129 na 153 na C7 inapanda, huku C5 ni sifuri, ugonjwa uko nje, kwenye nyaya.

Sasa ile habari ya format. Sekta iliyo kwenye C5 huamuliwa pale inapoandikwa upya. Format kamili, tangu enzi za Windows Vista, huandika sifuri juu ya diski nzima. Kwa hiyo C5 inafutika, Windows mpya inakaa mwanzo wa diski kwenye njia za nje zenye kasi, mafaili hayajatawanyika, na mashine inaruka kwa wiki mbili. Mwenye kuipiga format hiyo anaonekana amefanya kazi nzuri. Lakini sababu iliyoua sekta za kwanza, iwe kichwa cha kusomea kilichochoka au chembe ndani ya diski, ipo pale pale na inaendelea kula. Na data iliyokuwapo imekwenda. Format ya haraka hata hilo haifanyi: inafuta orodha ya mafaili tu, C5 haiguswi.

Chkdsk ina sura mbili, na watu huzichanganya. chkdsk C: /f hutengeneza orodha ya mafaili iliyovurugika, na baada ya stima kukatika mara tatu jioni moja ni jambo la maana, ila ifanye ukishaokoa data. chkdsk C: /r husoma diski nzima kipande kwa kipande, saa nyingi, na kwa diski inayogonga ni mzigo wa kuimaliza. Usiiguse.

Tuje kwenye nyaya, maana Mombasa hili si la kurukwa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kasha la kompyuta huivuta ndani kwa feni kila dakika. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Chomoa kebo ya data ya SATA (ile itokayo kwenye diski hadi madhabodi) pande zote mbili, uitazame midomo yake kwa tochi ya simu. Pini ziwe za rangi ya dhahabu, safi, zote kimo kimoja. Ukiona utando mweupe au ukijani, au doa jeusi, badilisha kebo; bei yake ni ndogo mno kuliko muda utakaoupoteza kuisafisha. Pini za diski na za madhabodi ndizo za kusafisha, kwa aikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na pamba ya masikio isiyoacha nyuzi. Usitumie spiriti ya rangi ya buluu ya dukani, huacha utando. Subiri robo saa ikauke. Kebo mpya iwe na kile kibati cha kufungia kwenye mdomo, na isikunjwe kwa pembe kali.

Halafu stima ya diski. Kompyuta za ofisi huja na plagi chache za SATA, kwa hiyo ulipoongeza diski ya pili huenda mtu alikuwekea kiungo cha kutoka Molex (ile plagi ya zamani ya pini nne) au cha kugawanya. Kitazame sana. Vile ambavyo plastiki ya plagi imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya vina historia mbaya ya kuungua, kwa sababu ndani nyaya hukaribiana. Tafuta cha aina ya kubana, ambacho kila waya waonekana ukiingia kwenye tundu lake. Diski ngumu ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, na kiungo kilicholegea hakiwezi. Sikio litakusaidia hapa. "Tik" moja ikifuatiwa na mvumo wa diski kuanza kuzunguka upya ni stima iliyokatika. "Tik, tik, tik" za mpigo sawa, bila ya mvumo kubadilika, ni kichwa kinachotafuta njia yake na hakiipati, na hapo hakuna dawa ya kebo.

Kabla ya kufunga kasha, hakikisha diski haijabanana nyuma ya kadi ya picha bila hewa. CrystalDiskInfo inaonyesha joto: chini ya 45 ni salama, 50 ni onyo, na 55 kwenda juu tafuta feni. Miezi ya Januari hadi Machi pwani, chumba kisicho na AC chaweza kuifikisha huko kwa urahisi. Usizibe kile kitundu kidogo cha kupumulia kilicho juu ya diski yenyewe, hata kwa stika.

Kuna mgando mmoja unaofanana sana na ugonjwa na si ugonjwa. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huizima diski isiyotumika baada ya dakika 20. Gemu ikiwa imeshapakia eneo lote kwenye RAM, diski ya D: inalala. Ukivuka kwenda eneo jipya inaamshwa, na kuanza kuzunguka huchukua sekunde tano hadi kumi, gemu yote ikisubiri. Utausikia mvumo ukipanda. Nenda Power Options, Advanced, Hard disk, uweke 0. Jaribu hili mapema, halina gharama.

RAM ya GB 8 nayo inakubana. Windows, kivinjari chenye vichupo kumi, Discord na GTA V havitoshei, na kinachozidi Windows inakimwaga kwenye pagefile.sys iliyo kwenye ile diski yako dhaifu. Kwenye resmon, ukurasa wa Memory, Hard Faults/sec ikikaa kwenye mamia wakati wa kucheza, umepata chanzo. Mashine yako inatumia DDR3-1600 za kawaida za kompyuta ya mezani. Vipande viwili vya GB 8, vikiwekwa kwenye nafasi za rangi moja, vinatosha. Kwa sasa funga kivinjari.

Vinavyokula diski wakati hujafungua kitu ni Windows Update, Defender ikikagua, uorodheshaji wa Search, na SysMain, huduma ya Windows inayopakia mapema programu unazozitumia sana. Kwenye diski ngumu, kuizima SysMain (services.msc, Stop, kisha Disabled) wakati mwingine husaidia na wakati mwingine huchelewesha programu kufunguka, ijaribu siku mbili upime. Steam ina tabia yake: sasisho la MB 500 laweza kuifanya iandike upya faili la GB 30, kwa sababu inajenga faili jipya kwa vipande vya la zamani. Ndiyo maana upakuaji waonekana umesimama huku diski ikiunguruma. Weka masasisho yafanyike usiku. Na kama kuna gemu uliyoipata imevunjwa kufuli, tazama kama kuna programu usiyoijua inayoandika bila kukoma. Nyingi huja na wageni.

Diski ya TB 2 nina mashaka nayo ya aina nyingine. Diski nyingi za inchi 3.5 za ukubwa huo siku hizi ni za SMR, ambazo njia za data hulaliana kama vigae vya paa, na kuandika upya njia moja kunalazimu kuandika na jirani zake. Seagate Barracuda ST2000DM008 ni mfano, na WD Blue WD20EZAZ pia. Kusoma hazina neno. Kuandika huanza vizuri, sehemu yake ya akiba ikijaa kasi inaanguka vibaya, muda wa kujibu unapaa, na inarudi sawa ukiipumzisha. Tafuta namba ya modeli yako kwenye CrystalDiskInfo. Ikiwa ni hiyo, usiiwekee Windows, usiipe sasisho huku unacheza, na wacha angalau asilimia 15 wazi. Kwa diski ngumu nzima ambayo mafaili yake yametawanyika, andika amri ya kuyapanga, defrag D: /U /V, ukalale. Kwa diski mgonjwa, hapana.

Ilinunuliwa kama mpya? Soma mstari wa 09, saa ilizowaka. Kwa mwaka mmoja wa kucheza saa nne kila siku, tarajia kama 1,500. Lakini saa hizi hufutwa na wauzaji wa diski zilizotumika. Kama ni Seagate, kuna kumbukumbu ya pili iliyo ndani zaidi, ambayo programu ya smartmontools toleo la 7.4 na kuendelea huisoma:

smartctl -l farm /dev/sdb

Saa za huko zikiwa 25,000 na za 09 zikiwa 1,500, diski si mpya. Irudishe dukani na hiyo karatasi.

Tuseme umeyafanya yote, diski zote ni nzima. Bado gari litaelea kidogo, na ni haki ujue kwa nini. Sahani ya diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Kichwa husogea kwa wastani wa milisekunde 9 kufika kwenye njia, kisha hungoja nusu mzunguko, milisekunde 4.2. Jumla 13, yaani kama mara 75 kwa sekunde. Vipande vikiwa vya KB 4, hiyo ni KB 300 kwa sekunde, kutoka kwa diski ile ile iliyoandikwa MB 200 kwenye boksi. Ukiendesha gari mbio mjini Los Santos, gemu inaomba maelfu ya vipande vya aina hiyo. SSD ya SATA, diski ya chipu isiyo na sahani, haina kichwa cha kusogeza, hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Hakuna mpangilio wa Windows utakaoziba pengo hilo, na gemu kama Starfield na Cyberpunk 2077 tangu 2023 zinaitaja SSD kwenye mahitaji yao ya chini kabisa.

Kwa hiyo, kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 480 au 500. Si kadi. Usihangaike na NVMe, SSD za kasi zaidi zinazopita kwenye nafasi za PCIe: kompyuta za ofisi za rika la i5-4590 kwa kawaida haziwaki kutoka humo, nafasi kubwa ya PCIe imeshikwa na kadi ya picha, na ile ndogo ya x1 haitakupa kasi zaidi ya SATA. Ukinunua mjini, upande wa Moi Avenue au Digo Road, iombe risiti yenye namba ya serial, na ukimbie SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 256. Ukifika nyumbani ijaze yote kwa H2testw kabla ya kuiwekea chochote. Ya bandia itapokea data yote, kisha isomwapo itaonyesha makosa baada ya ukubwa wake wa kweli kuisha.

Usihamishe Windows kwa kunakili diski ya zamani nzima nzima, kwa kuwa utabeba na mafaili yaliyokwisha haribika. Sakinisha upya, na wakati wa kusakinisha zichomoe diski nyingine zote, la sivyo Windows yaweza kuweka sehemu yake ya kuwakia kwenye diski ya zamani, na siku utakayoitoa kompyuta haitawaka. Kwenye BIOS (mipangilio ya madhabodi), sehemu ya namna ya kuongea na diski, kama ipo RAID On, igeuze AHCI kabla ya kusakinisha. Kwa Windows iliyopo tayari usiigeuze hivi hivi, itakataa kuwaka kwa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Leseni ikiwa imefungwa na madhabodi itajirudia yenyewe ukishaunganisha intaneti. Ujue pia kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo usitumie mashine hiyo kwa mambo ya benki bila kulifikiria hilo.

Windows na GTA V zikae kwenye SSD, zilizobaki TB 2. Usiipakue GTA upya: GB 100 kwa intaneti ya Mbps 10 ni saa 22, na kuinakili kutoka D: kwa MB 100 kwa sekunde ni dakika kama 17. Kama ni ya Steam, tumia Settings, Storage, kisha Move, halafu uagize Verify integrity. Itapakua vipande vilivyoharibika tu. Dakika unazongoja kuingia GTA Online, hata hivyo, usizidai zote kwa diski. Mwaka 2021 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya kungoja huko ilikuwa prosesa ikisaga faili la orodha la MB 10 kwa njia ya ovyo, na Rockstar walilirekebisha Machi mwaka huo.

Ukishamaliza, CrystalDiskInfo ionyeshe SATA/600 | SATA/600. Ikiwa ya kushoto ni 300, kebo au tundu ni la chini, hamisha. Kwenye CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi, mstari wa RND4K Q1T1 (vipande vya KB 4 vilivyotawanyika) uwe MB 20 hadi 40 kwa sekunde. Kwenye diski ngumu ulikuwa chini ya 1.

Nunua UPS ya VA 650 ukipata nafasi, ikupe dakika za kuzima kwa utaratibu. Kwa sasa, stima ikipotea chomoa kwenye soketi, na ikirudi ngoja dakika tano kabla ya kuchomeka. Ile ya GB 500 ikiwa C5 yake ina namba yoyote, itoe kabisa kwenye kasha hata kama bado inawaka: diski mgonjwa iliyounganishwa huweza kuigandisha Windows yote inapoulizwa tu kama ipo.